Mchumba Wangu Anawazuia Watu Kumchangia Mwanaisha Damu

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni dada wa miaka 29 kutoka Bungoma, nafanya security kwenye jumba moja hapa Dubai Marina. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mwanaisha wa Mombasa tunaishi chumba kimoja, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Anauza mabuibui Al Rigga. Ana uvimbe kwenye kizazi, ametokwa na damu mpaka midomo imepauka. Hospitali imesema kabla ya upasuaji tulete watu wa kuchangia damu. Nikaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya watu wa kwetu, na vijana wa maghala ya Jebel Ali wakakubali kuja siku yao ya off.

Sasa mwenyekiti wa grupu ni mchumba wangu. Harusi ni Desemba. Akafuta ujumbe wangu, akatuma sauti: "Ndugu zangu, hiyo damu itapimwa. Mnakumbuka medical ya visa, vile vipimo vya damu? Wakipata ugonjwa, khalas, kwisha, unapandishwa ndege kurudi kwenu." Vijana wakaanza kujitoa. Mmoja akaniandikia, "Sista, nina watoto nyumbani, nisamehe." Huyo simlaumu. Hapa kila mtu anaijua hofu ya medical.

Nikaenda mwenyewe, nikatoa, nikapewa juisi, nikarudi kazini. Picha ya bandeji nikairusha kwenye grupu. Wawili wakapata moyo, wakaja. Jamani, walikuja na njaa, wakidhani ni kama vile vipimo vya asubuhi ambavyo huli kitu kwanza, wakaambiwa wakale kwanza. Nikawanunulia chapati na maharagwe, wakarudi wakatoa. Lakini bado damu haitoshi.

Mchumba akapiga simu. "Umeniaibisha. Omba msamaha kwa grupu, ama harusi hakuna."

Nikamwambia, "Basi njoo na wewe utoe, watu watuone pamoja."

Akasema polepole, "Mimi sipimwi."

Mpenzi, najua unasoma ukurasa huu. Kama kuna kitu unaogopa, niambie, tutakibeba wote wawili. Lakini Mwanaisha asikose damu kwa sababu ya woga wako. Na msamaha siombi, leo wala kesho.

Ndugu zangu, nishaurini: huyu mtu nimngoje ama nimwache? Na wewe unayenishauri ukiwa hapa hapa Dubai, mzima wa afya, kula kwanza, halafu njoo utoe damu.