Reli Aliyoipalilia Khisa

Kati ya Ruiru na Thika, ukishapita Murera, palikuwa na kijiji tulichokiita Landhi. Hakikuwa na chifu wake wala kibao cha barabarani. Kilianza na safu moja ya nyumba za mawe walizojengewa wafanyakazi wa reli, halafu sisi wengine tukajibanza pembeni: mabati yetu, kanisa letu la mbao, kibanda cha mboga cha Gathoni. Treni zilipokoma kupita, kazi ziliisha. Sisi tulibaki. Tungeenda wapi?

Mzee Khisa alikuwa wa mwisho kati ya wale wafanyakazi. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akaandikwa kwenye genge la kutunza reli, na hata baada ya kuachishwa kazi hakuliweka jembe chini. Kila Jumamosi aliipalilia reli kutoka darajani hadi kwenye mikaratusi, bila kulipwa na mtu. Alizing'oa nyasi mojamoja, kama mtu anayechambua mchele.

"Wee mzee," Gathoni alimtania, "kwani hiyo reli imekuandika tena?"

"Treni itarudi, mama. Ikikuta msitu hapa, itafikiri watu waliisha."

Tulimcheka, lakini tulimwamini. Hilo ndilo linaloniuma. Treni ikirudi, Landhi ingekuwa stesheni, Gathoni angewauzia abiria ndizi, na nyumba ya Khisa iliyokuwa ikivuja ingetengenezwa. Tukaanza hata kupalilia naye. Mkewe Naliaka pekee ndiye ambaye hakushika jembe.

Wapimaji wa reli walikuja kabla ya Pasaka. Khisa aliwakaribisha chai. Mkubwa wao alimshika mkono kwa furaha.

"Mzee, kazi safi! Huko mbele reli imefukiwa chini ya vibanda, itabidi tungoje mwaka ujao. Hapa iko clear kabisa. Tunaanza na nyinyi."

Khisa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha wakavuta utepe wa kupimia kutoka kwenye reli yake safi hadi mlangoni pake, wakachora alama nyekundu ukutani. Wakachora nyingine kwa Gathoni, na nyingine kanisani.

"Hiyo ni ya kurekebisha?" Khisa akauliza.

"Ni ya kubomoa, mzee. Mko kwa ardhi ya reli."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Wetu walikuja tukaugua. Watu wa vibanda vya mbele walipata mwaka mzima wa kuhama na kwenda kortini. Sisi tulipata tingatinga.

"Ngai! Ungeiacha tu imee nyasi!" Gathoni alimlilia Khisa mbele ya vifusi. "Si ungeiacha tu!"

Aliyejibu ni Naliaka, akifunga godoro kwa kamba. "Hata mimi nilimwambia," alisema.

Siku hizi Khisa na Naliaka wamepanga chumba kimoja Gitothua. Siku treni ya kwanza ilipopita, Khisa aliniomba nimsindikize. Alisimama kando ya reli, kofia mkononi, pale palipokuwa Landhi. Treni haikupunguza mwendo. Dereva alimpigia honi ndefu na kumwonyesha kwa mkono atoke njiani, naye akarudi nyuma hadi palipokuwa mlango wake.

Ilipokwisha kupita alifuta macho kwa kofia.

"Umeona?" aliniambia. "Haijakwama mahali."