Sinema ya Farasi Chongo

Boaz Magesa wa Samuye ana sinema tatu tu anazozikubali duniani, na ukitaka mgombane mtajie ya nne. Vijana humwonyesha kwenye simu muvi za magari yanayoruka na maghorofa yanayoporomoka. Anatazama dakika mbili, anarudisha simu ya watu, anasema, "Hawa wana haraka ya kwenda wapi?" Kisha anaanza kuzihesabu zake kwa vidole, hata kama hukumwomba.

Ya tatu ni ya Kichina, ya mzee aliyepigana na watu kumi na wawili huku amebeba ndoo mbili za maji, na lisimwagike hata tone. Ya pili ni ya mamba. Hiyo hawezi kuisimulia bila kuinua miguu kutoka sakafuni. Ya kwanza ni ya Kihindi, na akifika hapo sauti yake hushuka. Jina lake halisi hakuwahi kulijua. Kule Nyarugusu, machimboni Geita, waliiita Farasi Chongo, kwa ajili ya farasi wa jicho moja aliyekuwa anapitapita mle ndani, basi.

Zote tatu alizitazama kwenye banda moja, enzi za rashi, dhahabu ilipovuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Boaz alikuwa kijana wa kuteremka duarani, shimo la dhahabu, kwa kamba na kutoka na udongo masikioni. Banda lilikuwa la mabanzi na maturubai, ndani mabenchi, televisheni ya chogo, deki, na spika moja iliyopasuka. Mwenye banda aliitwa Benjamini, mtu wa Nkome, mwembamba kama ufito, lakini koo alilokuwa nalo lingetosha watu sita. Yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alikaa pembeni na kipaza sauti, akapunguza sauti ya sinema, akasema maneno ya kila mtu: ya baba, ya binti, ya jambazi, hata ya farasi ikibidi. Wahindi wake waliongea Kiswahili cha Geita, na wakikasirika walitukana Kisukuma.

Kama Benjamini alikijua Kihindi, hakuna aliyemuuliza. Kwa watu waliotoka chini ya ardhi bila hakika ya kutoka tena kesho, saa mbili za banda lile ndizo zilizokuwa za raha. Hata leo, Boaz akisikia jenereta ya mtu ikinguruma, moyo unarudi kulekule. Anapakumbuka, anasema, na haoni haya kusema.

Lakini tusidanganyane, hakwenda Nyarugusu kwa kupenda dhahabu. Alikwenda kwa hasira. Dada yake Mariana alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake walikuwa wawe wa Boaz, naye aolee hao. Ndivyo ilivyo kwao: dada akileta ng'ombe, kaka anayefuatana naye ndiye anayeoa. Kaka yao mkubwa, Maduhu, akawaswaga ng'ombe wale kimyakimya na kujiongezea mke wa pili. Boaz akaondoka bila kuaga. Miaka sita hakutuma hata salamu.

Ndipo Farasi Chongo ikamkuta. Ndugu wawili: mkubwa anamdhulumu mdogo shamba la baba yao, mdogo anapotea, anarudi baada ya miaka mingi juu ya farasi yule, amekuwa mtu mzito. Anamkuta mkubwa mgonjwa, hawezi kuinuka, midomo imekauka kwa kiu. Mdogo anasimama kando ya kitanda, machozi yanamtoka, anachukua jagi la maji. Hapo Benjamini alikuwa anaongea taratibu kabisa. "Kaka, nimekuja. Ulichokichukua kilishakwisha zamani. Nipe mikono nikunawishe, tule."

Na papo hapo jenereta inazima. Kila mara. "Mafuta yamekwisha, jamani," Benjamini angesema gizani. "Lakini msihofu, walikula pamoja, sinema imeishia hapo." Wanaume wakatoka nje wakijifuta macho kwa mikono yenye udongo, kila mmoja akijifanya ameingiwa na vumbi.

Boaz aliitazama mara nne. Baada ya hiyo ya nne akapanda basi, akashuka Samuye mchana kweupe, akaingia kwa Maduhu, na kabla ya salamu akaomba jagi na beseni. Akamnawisha kaka yake mikono. Wake wawili wa Maduhu walidhani shemeji yao amerukwa na akili. Wakaleta ugali, wakala. Sasa ni mwaka wa ishirini na tatu, wanalima pamba bega kwa bega, wamewazika wazazi, na habari za ng'ombe hakuna aliyezigusa tena.

Mwaka huu Limi, binti wa Boaz, akaipata ile sinema. Anafanya kazi Shinyanga mjini, kwenye duka la kurushia watu muvi kwenye flashi, na kwa miezi mitatu aliulizia farasi yule kama watu wanavyoulizia ndugu aliyepotea. Akaja nayo Jumapili. Boaz akamwita Maduhu, maana kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumweleza kilichomrudisha nyumbani, na sasa alitaka kaka yake akione kwa macho. Hilo tu ndilo alilolitaka. Alikuwa bado na shati la kanisani, akakaa nalo wima kwenye kiti kama bwana harusi.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, basi Limi, aliyemaliza kidato cha sita, ndiye aliyewasomea kwa Kiswahili. Tangu mwanzo Boaz hakuridhika.

"Hapo umeruka, mwanangu. Jambazi ametukana."

"Hajasema kitu, baba. Amekohoa."

Maduhu akacheka. Boaz naye akacheka, akangoja kitanda. Kitanda kikafika, mgonjwa juu yake, mdogo akasimama kando na machozi yake.

"'Nimeingoja sana siku hii,'" Limi akasoma.

"Sivyo anavyosema," akasema Boaz.

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba."

Mdogo akachukua jagi. Mgonjwa akanyoosha mkono. Safari hii hakuna kilichozima. Sola ilikuwa imejaa na jua lilikuwa kali. Mdogo akayamwaga maji yote sakafuni, polepole, mbele ya macho ya kaka yake.

"'Haya, kunywa,'" Limi akasoma kwa sauti iliyokuwa inaisha.

Mdogo akatoka, akakomea mlango kwa nje, akapanda farasi wake na kwenda zake. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Boaz aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Amemwita kaka yake, mtu mzima mwenye wajukuu, aje atazame hivi. Akaona hakuna namna ila kusema yote: banda, Benjamini, maneno yale, jenereta, basi. Maduhu alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ulininawisha kwa maneno ya huyo mtu wa banda."

"Ndiyo, kaka."

"Na kama ungeuona mwisho huu?"

Boaz alifikiri, maana swali lile halikufaa kujibiwa kwa uongo. "Nisingekuja."

Maduhu akatikisa kichwa. "Mimi siku ile nilikuona toka mbali. Nikachukua fimbo, nikaiweka nyuma ya mlango. Nilijua umekuja kudai. Ukaniomba jagi, nikakosa la kufanya."

"Alikuwa anaizima makusudi," alisema Limi. "Baba, mafuta gani yanakwisha kila siku mahali palepale?"

Boaz akakumbuka dumu la mafuta lililokaa kando ya jenereta, ambalo aliwahi kulisogeza kwa mguu na kuliona zito, na wala hakujiuliza. Akakumbuka pia kwamba Benjamini hakumpokea mgeni bandani bila kumuuliza kama kwao wanajua aliko. Nusu ya mabenchi yale walikuwa watu waliokimbia ndugu zao. Kumbe mwenye banda alikuwa anawaona wote.

"Bhebhe, wewe Boaz," Maduhu akasema, "huyu mtu yuko wapi? Nataka nikamwamkie."

"Alifariki mwaka juzi, kwao Nkome. Watu wa machimboni walinipigia simu."

"Ukaenda?"

"Tulikuwa tunavuna." Boaz aliangalia mikono yake. "Nikasema, huyo ni mtu wa bandani tu."

 Limi akainuka, akazima televisheni.

"Ungeniambia," alisema Maduhu. "Pamba ingesubiri. Yule tulitakiwa kwenda kumzika sisi wawili."