Namba Iliyobandikwa Nyuma ya Simu

Watu waliniuliza mimi mambo ya simu, na nilipenda kuulizwa. Huku Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, katika kanisa letu la Wakongo wa Kivu ya Kusini, mimi ndiye niliyeeleza: msibonyeze kila linki, msimtajie mtu namba ya siri, na meseji zetu zimesimbwa, yaani zimefungwa kwa kufuli njia nzima, hata mwenye mtandao hawezi kuzisoma. Nilijifanya mjuaji kwelikweli.

Aliyenisikiliza kuliko wote ni mdogo wangu wa kiume, aliyebaki nyumbani. Aliniita yaya, dada mkubwa. Aliwaona watu wenye silaha wakichoma nyumba ya jirani, akawataja kwa majina, na tangu siku hiyo walimtafuta. Safari yake ya kuja kwangu tuliipanga kwa meseji tu. Nilimwambia: "Namba usiyoijua ikikupigia, usiamini, hata ukisikia sauti yangu. Siku hizi sauti zinaigwa. Amini ninachoandika."

Sasa sikia ujinga wangu. Kwangu hakuna umeme, kwa hiyo nikienda shambani niliacha simu kwenye kibanda cha kuchaji. Sote tulifanya hivyo. Mwenye kibanda alibandika plasta nyuma ya kila simu, ameandika jina lako na namba ya kuifungulia, ili meseji ya dharura ikiingia aisome na kumtuma mtu akuite. Namba yangu nilimtajia mwenyewe, tena nikamshukuru. Sijui kama aliyeniuza ni yeye, au ni mmoja wa waliokaa kwenye benchi lake wakisubiri simu zao. Nikipita pale nawatazama wote, na nawachukia wote.

Siku mdogo wangu alipovuka mpaka, nilikwenda Mbarara kumnunulia godoro. MB zangu zilikuwa zinaisha upesi bila sababu, basi nikapita nalo mtaa wa Kakoba, mjini humohumo, kwa fundi wa simu, Mwislamu mmoja mpole. Akabonyeza, akapekua.

"Mama, wewe una kompyuta?"

"Kompyuta ya wapi? Mimi mkulima."

"Iko kompyuta moja imeunganishwa na meseji zako. Iko hewani sasa hivi. Kila unachosoma, nayo inasoma. Inaweza hata kuandika kwa jina lako, halafu ifute upande wako."

"Lakini si zimefungwa!"

"Zimefungwa njiani, mama. Huyu ameingia kwako nyumbani, na ufunguo wako."

Nilitaka kumwandikia mdogo wangu palepale, fundi akanizuia: huyo wa kompyuta angesoma pia. Akanipa simu yake. Nilipiga mara nne ndipo ikapokewa.

"Ni miye, yaya yako! Uko fasi gani, uko wapi?"

"Yaya yangu hapigi, anaandika. Sasa hivi tu ameniandikia nipande pikipiki hapa Kaberebere. Weye ni nani?"

"Sikuandika! Usipande! Kimbia polisi!"

"Yaya alisema mtanipigia na sauti yake," akasema, akakata.

Nikapiga tena, haipatikani. Tukaiondoa ile kompyuta, nikaandika kwa simu yangu: usipande, kimbia. Ikatokea alama moja tu: imetoka kwangu, haijafika kwake. Fundi alifunga duka, akanipakia kwenye pikipiki yake hadi Kaberebere. Wauza ndizi wa pale barabarani walimkumbuka. Kijana mwenye begi, walisema, aliondoka na mwenye pikipiki, wanacheka. Polisi waliandika maelezo yangu. Godoro lilibaki dukani kwa fundi.

Siku ya tatu nilikuwa napalilia maharagwe, simu kiunoni, maana siiachi tena popote. Nikatazama. Alama zimekuwa mbili, kisha zikageuka buluu. Imesomwa! Mungu wangu, nilipiga kelele peke yangu mule shambani. Nikaandika jina lake. Buluu. Nikaandika jina la mama yetu. Buluu. Jibu hakuna.

Kusoma meseji hizo, lazima kwanza simu ya mdogo wangu ifunguliwe kwa namba sita. Hakuziandika popote, hakumtajia mtu, maana ndivyo nilivyomfundisha, na kwa mambo kama hayo alikuwa kichwa kigumu. Kuna mtu alikaa naye mpaka akazitaja.