Daktari Aliyekumbuka Rangi

Mimi hata sindano naiogopa, lakini kwa miezi mitatu niliwafundisha madaktari. Nilikuwa nimestaafu ualimu hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na nimeshachoka kukaa nyumbani nikigombana na kuku. Mganga mkuu wa hospitali, ambaye nilimfundisha kusoma akiwa hana meno ya mbele, akanijia na malalamiko. Alikuwa na madaktari watano kutoka Bukavu, wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, waliokuja kwake kwa mazoezi. Walisoma mpaka macho yakawa mekundu, na Jumatatu hawakumbuki ya Ijumaa. Akaniomba niwafundishe kusoma. Nilicheka, kisha nikakubali haraka asije akabadili mawazo.

Ugonjwa wao niliuona siku ya kwanza: walikuwa wakinakili. Kila mmoja alikuwa na kaye yake, daftari nene lililojaa masomo, na mmoja aliwazidi wote. Yake ilifunikwa nailoni na kupigwa mistari kwa rula, ikaandikwa kwa kalamu za biki za rangi nne: nyekundu kwa hatari, kijani kwa dawa, na nyingine mbili kwa mambo aliyoyajua mwenyewe. Akikosea neno moja, anang'oa ukurasa mzima na kuanza upya. Niliwaambia wafunge, nikampa kila mtu karatasi tupu aandike yote anayokumbuka juu ya mama anayevuja damu baada ya kuzaa. Yule wa rangi nne alikuwa na kurasa kumi na mbili za jambo hilo. Aliandika mistari minne.

"Mwalimu, yote iko mu kaye," akasema.

"Basi tutatuma kaye iende ku egzame, we ubakie hapa."

Wenzake walicheka sana kusikia kaye itafanya mtihani. Yeye hakucheka, na mimi nilijiona mwerevu.

Dawa yangu ilikuwa ileile niliyowapa watoto wa darasa la tatu: funga, kumbuka, kisha fungua uone kilichokimbia. Maswali niliyaandika kwenye vikaratasi nikavitia katika kopo la maziwa. Swali ulilolikosa linarudi kesho. Ulilolipata linarudi baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Walinung'unika kwamba ni mwendo wa kinyonga. Nikawauliza kama wamewahi kuona mama akianika ndagala, dagaa wa ziwani, mara moja tu, bila kuzigeuza, akapata kitu cha kuuza. Wanne walinielewa. Wa tano, yule wa rangi nne, alichukua vikaratasi vyake, akatabasamu kwa adabu, akaenda zake.

Alasiri moja nilimkuta katika chumba cha madaktari, rula mkononi, ananakili kaye nzima kwenye kaye mpya. Kichwa changu kikapata moto. Nilimsema kama mtoto aliyechezea chaki zangu. Aliniacha nimalize, akaweka biki chini.

"Mama, ile siku ya egzame niliona rangi tu. Nilijua jibu iko mu kijani, chini, upande wa kushoto. Maneno ilikatala kuja."

Ndipo akanieleza. Mwaka uliotangulia alianguka mtihani wa mwisho, na akianguka tena, ubingwa basi. Lakini hilo silo lililokuwa linamnyima raha. Mama yake, mfanyabiashara wa samaki kule Kazimia, alimpigia simu siku ileile kuuliza, na ulimi ukateleza: akasema amepita. Mama akachinja mbuzi na kuitangazia bandari nzima. Sasa wanawake wa rasi ya Ubwari walikuwa wanapanda mashua mpaka Baraka kumtafuta bingwa, mtoto wa fulani, naye aliwapima huku msimamizi wake amesimama nyuma ya bega lake. Nilisikia aibu kwa mzaha wangu wa siku ya kwanza, nikamwomba msamaha.

Kisha nikamwambia, "Mficha uchi hazai, na wewe ndiye unayezalisha watu." Hapo alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

Tulipatana. Kaye zote mbili zikalala kabatini kwangu, na kila asubuhi yeye angekuwa wa kwanza kutaja alichosahau, mbele ya wenzake na wauguzi. Wiki ya kwanza alitoka jasho. Daktari kusema "sijui" mbele ya muuguzi, kwetu ni kama kuvua viatu kanisani. Lakini kufikia wiki ya sita alikuwa akiwasahihisha wengine, na zile hatua za kuzuia damu alizirudia hadi mimi mwenyewe nikawa ninazitaja nikipepeta mchele.

Siku ya mtihani wake huko Bukavu niliunguza maharage. Saa kumi simu ikalia.

"Mama, nimepita. Kweli kabisa."

Nilimgombeza kwa kunipigia mimi kwanza, nikamwamuru akate simu ampigie mama yake sasa hivi.

"Nitamuambia nini? Kwake mi nilishapitaka tangu mwaka ilipita."

Kumbe katika dunia nzima hakuwa na mtu mwingine wa kumpelekea furaha hiyo. Niliweka simu juu ya meza, karibu, ili asikie vizuri, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nimemwoza binti gani.