Sahani Mbele ya Mkwe

Kwetu, juu kwenye milima ya Kivu ya Kusini, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Mimi sikufundishwa kwa maneno. Nilimwona mama yangu akiacha ugali katikati na kukimbilia jikoni, kwa sababu mume wa dada yangu alikuwa amebisha hodi. Kumfungia mkwe mdomo ni kumheshimu, ni kumwambia: wewe si mpita njia, umeingia kwangu. Mbele ya mpita njia nitatafuna hata muhogo nimesimama, inanihusu nini?

Donc, siku binti yangu aliponipigia simu kutoka Columbus, huku Marekani tunakoishi sasa, akasema yeye na mchumba wake mzungu wanahamia Buffalo, mbali zaidi nasi, nilizima jiko nimsikilize vizuri.

"Maman, kabla hatujaenda, mje tule pamoja. Kuna resto ya Wajerumani, babu zake walitoka huko. Nataka niwaone meza moja. Kama hamumtaki, nitaona tu. Na nikiona, naenda, siwasumbui tena."

Namjua huyu mtoto. Hasira yake ni yangu mimi, na yangu inajulikana mtaa wetu wa Shively mzima. Akisema haji tena, haji. Na mimi kijana nilikuwa nimeshamkubali! Nililia, nikafunga, nikaomba, kisha nikakumbuka ni yeye aliyemuuguza binti yangu wiki nzima, wakati kazini kwangu walininyima ruhusa. Bon, mzungu ni mzungu, lakini huyo alikuwa mkwe wangu. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

"Baba watoto, nitafanyaje?" nilimuuliza mume wangu ndani ya gari, tukiiacha Louisville nyuma.

"Utakaa, utacheka nao. Chakula watakufungia, utakula nyumbani. Kwani mtoto hajui mila?"

Nilidhani anajua. Angejulia wapi? Alitoka milimani akiwa mgongoni kwangu, akakulia kambini kwa wakimbizi, halafu huku Kentucky, na nyumbani kwetu hajawahi kuingia mkwe hata mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi huyu nilimlea kati ya zamu na zamu.

Mkahawa wenyewe ulikuwa wa matofali ya zamani, wahudumu wamevaa aproni za kushonwa maua, na bia inabebwa kwa vikombe vikubwa kama ndoo. Yesu wangu, niliomba asipite mtu wa kanisa letu na simu yake. Pembeni kulikuwa na wanamuziki: mzee mmoja na akodioni, wawili na tarumbeta, mmoja na ngoma. Walipopiga, glasi zilitetemeka mezani.

Kijana alikaa kona ya mbali kabisa, amenigeuzia bega. Alinisalimu akitazama sakafu. Akitaka kuniambia kitu, alimwambia mume wangu. Mkate aliupitisha kwa binti yangu ndipo unifikie mimi. Nikasema moyoni, huyu ana kiburi! Anachukua mtoto wangu na hata macho hanipi.

Soseji zikaja, nene, na kabichi chachu, na viazi vya kuponda vinavyotoa moshi. Nilikuwa na njaa ya kutosha kula meza. Nikaisogeza sahani, nikamwomba mhudumu kopo la kufungia.

Binti yangu akalitazama lile kopo. "Mom," akasema. Akikasirika ni Kiingereza tu. Akaniuliza kama siwezi hata kuonja, hata kijiko kimoja.

Jambo lile halisemwi kwa sauti mkwe akiwa pale, ni aibu. Nikainama sikioni kwake nimweleze. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza: wanamuziki wakaja mezani kwetu, akodioni nyuma ya kichwa changu, tarumbeta juu ya sahani. Nikanong'ona, hakusikia. Nikapiga kelele, akatikisa kichwa. Nikamvuta mkono twende nje, akaunyakua. Nikamtafuta mume wangu kwa macho aniokoe, naye, mzee yule, alikuwa anapiga makofi!

Watu wa meza zote walitugeukia wakiimba. Binti yangu alikuwa analia katikati yao. Akasimama, akachukua koti lake, akainama karibu nami. Safari hii alisema Kiswahili, nikamsoma midomoni.

"Nimeona."

Aka! Mungu wangu, nilimwona ameshafika Buffalo. Niliona simu isiyopokelewa, na wajukuu ambao sitawajua hata sura. Milima iko mbali, mama yangu alishakufa, na mtoto ninaye huyu mmoja. Nikashika uma, nikachoma soseji, nikala. Nilikula nimemkazia kijana macho, ili binti yangu aone vizuri. Nilijaza mdomo, nikatafuna na machozi yangu, nikaongeza kabichi.

Binti yangu akakaa taratibu. Akaanza kucheka huku analia, akanibusu kichwani, akatoa simu anipige picha. Mume wangu makofi yalikufa mikononi. Alitazama meza, hakunitazama mimi.

Na kijana? Kwa mara ya kwanza jioni ile aliniangalia usoni. Alikuwa mwekundu, kisha akapauka, akaweka uma wake chini polepole. Wanamuziki wakamaliza, watu wakapiga makofi, na pakawa na utulivu kidogo. Akamwinamia mume wangu akaongea Kiswahili, Kiswahili chetu cha Kivu, kilichopinda lakini chetu. Alikuwa amekiokota kwa vijana wetu anaopakia nao mizigo kwenye ghala kule Gahanna, nje kidogo ya Columbus, na kumbe hakuokota lugha peke yake.

"Papa, uniulizie Mama," akasema. "Walinifundisha vile mukwe anafanya. Sikumwangalia. Nilikaa mbali. Alikataa kula, nikafurahi sana." Akaonyesha sahani yangu. "Sasa amekula. Nimekosa nini?"

Binti yangu alikuwa bado anacheka, ameinua simu. Mume wangu akanigeukia nijibu. Mdomo wangu ulikuwa umejaa chakula.