Nilifungua Robinet ya Mupepe

Batu ya hapa bananijua kwa masolo, hadisi za uongo za kuchekesha. Nikisema nilibeba samaki capitaine moja kwa kinga, ile baiskeli yangu, mukia yake ikafagia barabara kutoka kwa maporomoko mpaka sokoni, na batu ya kufagia bakakosa kazi, banacheka tu. Hakuna mwenye anauliza kama ni kweli.

Lakini ile mwezi bibi yangu, mwenye nilioa, alilala hospitali, nilikatazwa masolo. Munganga, mama mufupi wa sauti ya chini, aliniambia: "Papa, usimuchekeshe. Akicheka anakohoa, akikohoa tunarudi nyuma." Na miye sina dawa ingine. Nikakaa kwa kiti ya plastiki, kimya, mpaka matako ikasahau kama iko yangu.

Ilianza na homa ya kifua. Siku ya ine mapafu, poumon zote mbili, zikajaa maji. Bibi akawa anapumua kama samaki yenye tumetoa sasa hivi kwa mutego. Balimuwekea tuyau kwa pua, inatoka kwa chupa kubwa ya chuma ya oxygène. Juu ya chupa iko robinet ya kufungua na kufunga, na kioo yenye iko na kiboli kidogo ndani, kama mupira mudogo: mupepe, ile hewa, ikiongezeka, kiboli inapanda.

Bon. Miye sikusoma, lakini macho niko nayo. Niliona infirmière, muuguzi, akifungua kidogo, bibi akapata nafuu. Nikafikiri: kama kidogo inasaidia, mingi itaponyesha. Infirmière akitoka, nafungua. Akirudi, anafunga, ananiangalia. Siku mbili tulikuwa vile. "Kunywa, mama," namuambia bibi, "hii ni ya bwana yako."

Siku ya tatu munganga alinikuta na mukono juu ya robinet. Hakupiga kelele. Alikuwa amechoka kuliko miye. Akavuta kiti.

"Papa, wewe ni mutu wa samaki. Ukiweka samaki mubichi kwa moshi, inakuwa je?"

"Nyama inageuka. Inakuwa ngumu."

"Ukiirudisha kwa mutoni, itaogelea?"

Nilitaka kumuambia kama yangu moja iliogelea, tena mpaka Basoko, mbali kule chini ya mutoni. Nikameza ile solo.

"Poumon imejengwa na protéine, kama nyama ya samaki," akasema. "Ingine inaziba ukuta ili maji isipite. Ingine inasukuma maji itoke. Ingine inasaidia poumon ifunguke. Sasa mwili ya bibi yako inapigana na ugonjwa, na silaha yake ni moto: oxygène yenye imekuwa kali, na azote, ile hewa ingine tunavuta, yenye imekuwa kali. Zikikutana, ni mbaya zaidi. Zinachoma ugonjwa, zinachoma na protéine zake mwenyewe. Zile protéine zinapinda, hazijue tena kazi yao. Mwili itazitupa, itatengeneza zingine, lakini polepole. Mupepe ya kupita kiasi inaongeza moto."

"Donc ni miye ninamupika?"

"Ulisaidia moto kidogo. Acha kusaidia."

Protéine miye nilijua ile ya mbinzo, ile badudu ya kula, na maharagi, yenye banaambia bamama siku ya kupima batoto kilo. Sikujua iko na ndani ya kifua, inalinda mulango.

Toka siku ile nilikalia mikono yangu. Kweli, chini ya matako, yote mbili. Kuchoka ya kazi naijua: unalala, inaisha. Ile ya kutofanya kitu haiishi. Nilihesabu pumzi yake mpaka namba zenye najua zikaniishia, narudia moja. Kiboli ya kioo ilibaki chini, na miye nikaichukia kama mutu.

Siku moja bakamutoa tuyau, tukarudi nyumbani. Lakini akipanda kutoka mutoni na beseni anasimama mara tatu, kwa sababu munganga alisema makovu imebaki mule ndani ya poumon. Kukausha samaki kwa moshi sasa nafanya miye, macho inatoka maji. Yeye anakaa mbali, pahali moshi haifike.

"Leta solo," ananiambia. "Fupi."

Naanza: capitaine, kinga, mukia inafagia. Nikiona mabega yake inaanza kuruka, nakata.

"Ile samaki iko wapi sasa?" ananiuliza.

"Imechoka njiani, mama," namuambia. "Acha ipumue kwanza."