Majani ya Waridi la Mama

Jamani, leo nimegundua kwamba mimi ndiye niliyekuwa naliua waridi la mama.

Lile jekundu tulilolipanda kaburini kwake, kibanjani, shamba letu la migomba la nyumbani, Nshambya. Tangu mvua zianze, ukungu umelishika. Kila jani kama limepakwa unga.

Asubuhi nimeshuka na mkasi. Kule chini ziwa lote lilikuwa jeupe, migomba inadondosha umande polepole, nikawa kama bado naota.

Nikakata majani yote mabaya. Nikayatandaza vizuri chini ya shina, kama tunavyotandaza majani ya migomba. Mama alitufundisha hivyo: kilichotoka kibanjani hakitupwi.

Hii ni mara ya tatu nayakata. Ukungu unarudi tu!

Kumbe shangazi kasimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa, ananitazama muda wote.

"Maawe! Hayo unayaweka hapo yafanye nini?"

"Mbolea, shangazi."

"Mbolea gani? Unalirudishia ugonjwa wake! Ya migomba tandaza. Haya yachome."

Nilitamani ardhi inimeze. Tena nimesimama makaburini 😂

Tukayakusanya, tukayachoma mbali. Moshi ukapanda taratibu katikati ya migomba.

Halafu shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Mama yako waridi lake la kwanza aliliua hivyo hivyo. Akaniomba nisiwaambie."

Nimecheka mpaka nikalia.

Nyie wenzangu, mmerithi kosa gani kwa mama zenu?